Posta ya Marekani: kaunta moja, malipo mawili

Nilipomsindikiza mpwa wangu kwenda kuomba pasipoti yake ya kwanza ya Kimarekani, hatukwenda wizarani. Tulikwenda posta ya mtaani kwetu, ile ile tunayonunulia stempu. Karani aliipokea fomu ya DS-11, ambayo mwombaji haruhusiwi kuitia saini mpaka awe mbele ya karani na ameapa kwamba aliyoyajaza ni kweli, akaikagua picha, akakiangalia cheti cha uraia mbele na nyuma, kisha akaomba malipo mawili: dola 130 kwa jina la Wizara ya Mambo ya Nje, na dola 35 kwa posta yenyewe. Zile 130 hazipokelewi kwa kadi. Zinatakiwa kwa hundi au kwa hawala ya posta, na hawala hiyo inauzwa pale pale kaunta. Mpwa wangu aliniinamia sikioni: "Mjomba, si serikali ni moja? Mbona tunailipa mara mbili?"

Nimeishi na swali hilo kwa miezi kadhaa, na ndilo linaloniongoza katika tathmini hii. Huduma ya Posta ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama USPS, haiwezi kupimwa kwa vipimo tunavyovitumia kwa duka au kwa kampuni ya vifurushi, kwa sababu karibu kila jambo linalomfurahisha au kumkera mteja pale kaunta lina chanzo chake katika namna serikali kuu ya Marekani ilivyojengwa, tabaka juu ya tabaka, tangu karne ya 18. Mteja anayelijua hilo anaitumia posta vizuri zaidi, na analalamika mahali panapostahili.

Nianze na sifa, kwa maana zipo. Sisi tuliokulia kwenye utaratibu wa S.L.P., ambapo barua ya ukoo mzima inafikia kwenye sanduku la shule, la kanisa au la ofisi ya mtu fulani, tunashangazwa kwanza na kule kufuatwa mlangoni. Mpeleka barua anapita siku 6 kwa wiki, Jumatatu hadi Jumamosi, na anwani anazofikia yeye na wenzake nchi nzima ni zaidi ya milioni 160. Stempu ya barua ya kawaida, isiyozidi aunsi moja, ilipanda hadi senti 78 Julai 2025, na bei ya stempu haibadiliki iwe barua inavuka mtaa au inatoka Florida kwenda kijiji cha Alaska kisichofikiwa kwa barabara. Supai, kijiji cha Wahavasupai kilicho chini ya korongo huko Arizona, kinapelekewa posta kwa msafara wa nyumbu. Kampuni binafsi za vifurushi hutoza nyongeza kwa anwani za mbali; posta haitozi nyongeza hiyo kwenye barua, kwa sababu sheria inaiamuru iihudumie nchi nzima, mashamba na miji midogo hata ile ambayo ofisi zake hazijilipii.

Sasa swali la mpwa wangu. Chini ya Rais wa Marekani zipo wizara 15, kila moja na waziri wake anayeketi katika Baraza la Mawaziri. Kongwe zaidi ni Mambo ya Nje, Fedha, na ile iliyoitwa Wizara ya Vita, zote za mwaka 1789. Changa ni ya Usalama wa Ndani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002 kwa kukusanya asasi 22 zilizokuwa zimetawanyika. Nje ya wizara zipo taasisi zinazojitegemea, kama Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii na NASA. Zipo pia tume za udhibiti zinazoongozwa na makamishna kadhaa badala ya mkuu mmoja, na yapo mashirika ya umma yanayouza huduma, kama lile la umeme la bonde la mto Tennessee. Posta imewekwa peke yake: sheria inaiita taasisi huru ndani ya mhimili wa utendaji. Haina waziri. Ina bodi ya magavana wasiozidi 9, wanaoteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti kwa vipindi vya miaka 7, na wasiozidi 5 kati yao wanaweza kutoka chama kimoja. Magavana hao ndio wanaomwajiri Postamasta Mkuu, yaani kiongozi wa posta nzima; Rais hamteui. Bei za barua nazo husimamiwa na tume nyingine, ya makamishna 5, isiyokuwa chini ya bodi hiyo.

Kwa hiyo karani wa posta, anapopokea maombi ya pasipoti, ni kama wakala wa jirani. Wizara ya Mambo ya Nje haina ofisi kila mtaa, posta inazo zaidi ya 31,000, basi wizara imeazima kaunta na mwombaji analipia kule kuazima. Dola 35 zinabaki posta. Dola 130 zinakwenda wizarani pamoja na fomu. Kile cheti cha uraia ambacho karani alikigeuzageuza kilitolewa na asasi ya tatu, iliyo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, na namba ya hifadhi ya jamii iliyojazwa kwenye fomu ilitolewa na ya nne. Katika meza moja ya upana wa mita moja hivi, mpwa wangu alikuwa amekutana na vipande vinne vya serikali ambavyo havina mfuko wa pamoja.

Kuazima huku si jambo jipya. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ilipopitishwa mwaka 1935, bodi iliyoundwa kuisimamia haikuwa na mtandao wowote wa kuwafikia mamilioni ya wafanyakazi waliopaswa kuandikishwa. Novemba 1936 kazi hiyo ilipewa posta: wapeleka barua waligawa fomu kwa waajiri na wafanyakazi, wakazikusanya, na kadi za kwanza zikapigwa chapa katika ofisi za posta. Serikali kuu ilikuwa inajipanua kwa kasi katika miaka ile ya Rais Franklin Roosevelt, na kila chombo kipya kilihitaji miguu. Miguu iliyokuwepo tayari ilikuwa ya posta.

Ilikuwepo kabla hata ya nchi yenyewe kujitangazia uhuru. Julai 1775 Kongresi ya makoloni yaliyoasi ilimteua Benjamin Franklin kuwa Postamasta Mkuu, karibu mwaka mmoja kabla ya Tangazo la Uhuru. Sheria ya posta ya mwaka 1792, iliyotiwa saini na George Washington, iliweka mambo mawili ambayo mteja wa leo bado anayafaidi bila kuyafikiria: magazeti yasafirishwe kwa bei ndogo mno ili habari zienee, na mtumishi wa posta asifungue barua za watu. Kufikia mwaka 1831 mapostamasta walikuwa zaidi ya 8,000, na peke yao walikuwa zaidi ya robo tatu ya watumishi wote wa kiraia wa serikali kuu. Mwananchi wa kijijini aliyesikia neno "serikali ya shirikisho" alikuwa na picha moja tu kichwani: mtu anayemkabidhi barua dukani.

Na palipo na nafasi 8,000 za kugawa, wanasiasa hawako mbali. Rais Andrew Jackson alimwingiza Postamasta Mkuu katika Baraza la Mawaziri mwaka 1829, na tangu hapo wizara ya posta ikawa ghala la fadhila. Aliyeshinda uchaguzi aliwaondoa mapostamasta wa chama kilichoshindwa na kuwaweka wapiga debe wake. Seneta William Marcy wa New York alilitetea hilo waziwazi mwaka 1832, akisema kwamba ngawira za adui ni haki ya mshindi. Neno hilo la vitani ndilo lililoupa mfumo mzima jina lake, na msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kutafsiriwa zaidi. Niongeze tu kwamba wapo wanahistoria wanaoona faida katika mzunguko huo, kwa sababu ulivunja ukoo wa makarani wa mijini waliokuwa wakirithishana vyeo. Sikubaliani nao sana, ila hoja yao si ya kipuuzi.

Risasi ndiyo iliyoharakisha mageuzi. Tarehe 2 Julai 1881, Charles Guiteau, mtu aliyejiaminisha kwamba anastahili kupewa ubalozi mdogo wa Paris kwa kuwa alikipigia kampeni chama kilichoshinda, alimpiga risasi Rais James Garfield katika stesheni ya reli ya Washington. Garfield alifariki Septemba. Januari 1883 mrithi wake, Chester Arthur, ambaye mwenyewe alipanda kwa mfumo wa fadhila, alitia saini Sheria ya Pendleton iliyoleta ajira kwa mtihani. Mwanzoni ilihusu takriban asilimia kumi ya nafasi zote, hasa ofisi za forodha na za posta zenye watumishi 50 au zaidi. Marais wengi waliofuata waliipanua, mara nyingi wakiwa karibu kuondoka, ili wale waliowateua wenyewe wasiondolewe na warithi wao. Hivyo ndivyo ajira ya sifa ilivyokua Marekani: kwa hila kiasi kile kile ilivyokua kwa dhamira.

Wala mtihani haukumaanisha haki kwa wote. Chini ya Rais Woodrow Wilson, kuanzia mwaka 1913, Postamasta Mkuu Albert Burleson alisimamia kutenganishwa kwa watumishi weusi na weupe, na kuanzia mwaka 1914 waombaji wa kazi za serikali kuu walitakiwa kuambatisha picha, sharti ambalo kila mtu alielewa linalenga nini. Hata hivyo posta iliendelea kuwa moja ya milango michache ya ajira ya kudumu kwa Wamarekani weusi, na yeyote anayeingia leo katika ofisi ya posta ya mji mkubwa anaona matokeo ya historia hiyo nyuma ya kaunta.

Hata mabishano makubwa ya katiba kuhusu nani anaweza kumfukuza mtumishi wa serikali kuu yana mtu wa posta ndani yake. Frank Myers alikuwa postamasta wa Portland, Oregon. Wilson alimwondoa mwaka 1920 kabla muhula wake wa miaka 4 haujaisha, bila kuomba ridhaa ya Seneti kama sheria ilivyotaka. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu William Howard Taft aliyekuwa amewahi kuwa Rais, iliamua kwamba Rais hahitaji ridhaa hiyo. Mwaka 1935 mahakama hiyo hiyo ilipunguza makali ya hukumu hiyo kwa makamishna wa tume za udhibiti. Mvutano kati ya hukumu hizo mbili uliendelea kwa miongo mingi baadaye.

Kilichoifanya posta iwe kama tunavyoiona sasa ni mgomo. Machi 1970 wapeleka barua wa New York, waliokuwa wakilipwa ujira ambao wengine walilazimika kuukamilisha kwa misaada ya serikali, waliacha kazi kinyume cha sheria; mgomo ukaenea hadi watumishi wapatao 200,000, na Rais Richard Nixon akapeleka wanajeshi kuchambua barua. Waliofanya hivyo, inasemekana, walichambua kidogo sana. Agosti mwaka huo ilipitishwa sheria iliyoiondoa posta katika Baraza la Mawaziri, ikawapa wafanyakazi haki ya kujadiliana mishahara kupitia vyama vyao, ikaondoa uteuzi wa kisiasa wa mapostamasta, na ikaitaka taasisi mpya, iliyoanza Julai 1971, ijitegemee kwa mapato yake.

Hapo ndipo penye kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote, na inamfikia mteja mfukoni. Posta imeambiwa ijiendeshe kama biashara, lakini haikuachiwa maamuzi ya biashara. Haiwezi kufunga kwa urahisi ofisi ndogo isiyolipa, haiwezi kupunguza siku za kupeleka barua, haipangi bei za barua peke yake. Mwaka 2006 Kongresi iliiongezea mzigo ambao hakuna wizara iliyokuwa nao: kuweka akiba mapema, kwa takriban dola bilioni 5.5 kila mwaka, kwa ajili ya matibabu ya wastaafu wa baadaye. Barua zilikuwa zikipungua kwa sababu ya intaneti wakati huo huo. Posta ilishindwa kulipa, na deni likarundikana hadi sheria ya Aprili 2022 ilipofuta sharti hilo pamoja na malimbikizo ya takriban dola bilioni 57. Hata baada ya kupumzishwa, hasara ya mwaka wa fedha 2024 ilikuwa dola bilioni 9.5. Stempu iliyokuwa senti 55 mwanzoni mwa mwaka 2021 ilikuwa imepanda mara saba kufikia Julai 2025. Anayelalamikia bei hizo kwa karani anamwonea. Zilipangwa mbali na pale. Na anayedhani kodi yake ndiyo inayoilipa posta pia amekosea, kwa maana uendeshaji wake hutegemea mauzo ya stempu na huduma.

Upande wa pili, posta imepewa ukiritimba, na hapa nalitumia neno hilo kwa maana yake ya kwanza, ile ya biashara. Barua za kawaida ni zake kisheria, na tangu mwaka 1934 ni kosa kwa mtu mwingine kutia karatasi isiyolipiwa posta katika sanduku la barua la nyumba yako, hata kama sanduku umelinunua mwenyewe. Majirani zetu wanaotundika kadi za harusi kwenye vitasa vya milango wamejifunza hilo.

Kwa msomaji anayetaka kujua la kutumia, nina machache ya kumwambia. Barua ya aunsi moja kwenda nchi yoyote duniani, Tanzania, Oman au Burundi, iligharimu dola 1.70 mwishoni mwa mwaka 2025 kwa stempu maalumu ya kimataifa, ambayo haichakai bei ikipanda, nunua nyingi. Kwa vitabu ndani ya Marekani ipo huduma iitwayo Media Mail, yenye bei nafuu mno na mwendo wa kobe, na posta ina haki ya kufungua kifurushi kuhakiki kwamba ni vitabu kweli, kwa hiyo usichomeke viatu humo. Kwa wanaopeleka vitabu vya maktaba ya shule nyumbani, ulizia M-bag: gunia la machapisho kwa mpokeaji mmoja, hadi ratili 66. Makarani wengi hawajawahi kuiuza, na itabidi usubiri waitafute kwenye kitabu chao, lakini ipo. Vyote viwili ni wajukuu wa ile sheria ya magazeti ya mwaka 1792.

Jiandikishe pia kwenye huduma ya bure ya kutumiwa kila asubuhi picha za bahasha zinazokujia siku hiyo. Kwa mtu anayesubiri kadi ya ukaazi au barua ya usaili wa uhamiaji, hakuna kitulizo kama hicho, kwa kuwa asasi nyingi za serikali kuu bado zinaamini karatasi kuliko simu. Ukihama, badilisha anwani kwa kwenda mwenyewe kaunta, ambako ni bure. Kwenye mtandao rasmi hutozwa ada ndogo ya kuthibitisha wewe ni nani, na zipo tovuti za watu wengine zinazotoza makumi ya dola kwa kazi hiyo hiyo. Kumbuka hata hivyo kwamba posta haitamwarifu mtu wa uhamiaji wala wa hifadhi ya jamii kwamba umehama. Kila mmoja anataka kuambiwa peke yake, na sasa msomaji anajua sababu.

Nikipima kwa nyota, naipa nne kati ya tano kwa barua na pasipoti, na tatu kwa vifurushi vya ng'ambo, ambako fomu za forodha ni ndefu na ufuatiliaji hukatika mara mzigo ukishatoka mikononi mwake. Nyota iliyobaki naizuilia Kongresi. Februari 2025 Rais Donald Trump alisema hadharani kwamba anafikiria kuiunganisha posta na Wizara ya Biashara; likitokea, itakuwa imerudi chini ya waziri baada ya zaidi ya miaka 50.

Pasipoti ya mpwa wangu ilifika kabla ya wiki ya sita, ikiletwa na mpeleka barua yule yule anayetuletea matangazo ya pizza. Cheti cha uraia hakikuwamo ndani. Kilifuata siku kadhaa baadaye, katika bahasha yake peke yake, na safari hii mpwa wangu hakuuliza kwa nini.